Noleo la Kisu cha Kukunja

Kisu ni chombo cha kale kuliko jembe, kuliko mji na kuliko maandishi. Lakini kisu cha kukunja ni kitukuu katika ukoo huo. Kisu cha kawaida huhitaji ala, na mwenye kukichukua hana budi kukivaa kiunoni mbele ya macho ya watu. Kisu cha kukunja ni ala ya nafsi yake: mpini hupasuliwa kwa urefu, bapa likalala ndani ya ufa, na chombo chote kikatiwa mfukoni pamoja na funguo na fedha. Faida hii ina gharama yake. Kitu kinachokunjika kwa hiari ya mwenyewe chaweza pia kukunjika bila ya hiari yake, na kinapokunjika hivyo, vidole ndivyo vilivyo njiani. Seremala, mkulima, baharia na mwanafunzi wote wamekutana na msiba huo mdogo, na kwa mtu aishiye kwa kazi ya mikono msiba wa kidole hauwi mdogo hata kidogo.

Visu vya namna hii vimekuwako tangu zamani sana. Katika Hallstatt, nchini Austria, kimepatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 6 kabla ya kuzaliwa kwa Masihi. Warumi nao walivijua, na katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, kimehifadhiwa chombo chao cha fedha cha karne ya 3 ambacho ndani yake hukunjwa kijiko, uma, sindano nene na bapa la chuma. Ni kitu cha meza ya tajiri. Bapa la visu vya zamani lilizuiwa na msuguano tu, yaani kubanwa na mpini ulioshikilia kitako chake. Baadaye mafundi wa Ulaya, hasa wa Sheffield katika Uingereza, walitia utepe wa chuma mgongoni mwa mpini ukafanya kazi ya kamani, ukalikaza bapa lisiteleze kwa urahisi. Lakini kukaza siko kufunga; mtu akilisukuma bapa kwa nguvu upande wa mgongo, kamani hushindwa na kisu hukunjika.

Kufuli ya kweli ilienea kwanza katika Hispania. Navaja ya karne ya 18 ilikuwa na meno kitakoni mwa bapa, na kila jino lilipopita chini ya kamani lililia. Ndiyo maana mlio wa kufunguliwa kwa kisu hicho ukawa onyo linalotambulikana mitaani. Bapa likisha kunyoka halikurudi mpaka kamani iinuliwe kwa pete. Basi haiwezekani kusema kwamba watu hawakujua jinsi ya kukifunga kisu. Walijua, ila kufuli ilikuwa ya kisu cha bei na cha fahari, tena mara nyingi cha ugomvi. Mkulima wa mlimani aliyekata mkate wake kwa kisu cha senti chache hakuwa nayo.

Hapa yafaa kukumbuka neno moja la Kiswahili ambalo vijana wengi sasa hawalitumii. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba noleo ni kitu cha kunolea, au kitendo chenyewe cha kunoa. Tena ni ile pete ya madini inayouzunguka mpini pale unapoingia bapa, ili mti usipasuke. Wahunzi waliolipa neno moja maana hizo mbili hawakuwa na habari za milima ya Ulaya, lakini laiti wangalikiona kisu kinachoelezwa katika kurasa hizi wangalikuta maana zote mbili zimekaa mahali pamoja. Kisu hicho kilianza kwa noleo moja, kikaokolewa na noleo la pili, nacho hakifai kitu kwa mtu asiyejua kukinoa.

Albiez-le-Vieux ni kijiji cha Savoie, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, katika milima ya Alpi. Savoie iliingia katika Ufaransa mwaka 1860, na mwaka 1871 likafunguliwa shimo la reli lipitalo chini ya mlima kuiunganisha nchi hiyo na Italia, hata bonde la Maurienne, lililokuwa njia ya nyumbu na wachuuzi, likawa njia ya magari ya moshi. Mwaka uliofuata, 1872, alizaliwa Joseph Opinel. Baba yake alikuwa mhunzi wa mashoka, miundu na vyombo vingine vya kukatia, vilivyosifiwa katika vijiji vya jirani. Kijana alirithi moto wa baba yake pamoja na ushupavu wa kupenda mashine. Alijitengenezea hata kamera yake mwenyewe akawapiga watu picha. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 18, aliunda kisu cha kukunja cha mfukoni.

Kisu hicho kilikuwa na sehemu nne: bapa, mpini wa mti, msumari wa ribiti uliolishika bapa, na noleo la chuma lililoyabana mashavu ya mpini pale msumari ulipopita. Hakikuwa na kamani wala pembe ya nyati, wala nakshi. Mpini ulikuwa gogo dogo la mviringo lililochanwa kwa msumeno. Ukubwa wake ulijaza kiganja, na mkia wake ulipinda kidogo ili usiponyoke. Ubora wa kazi ya Joseph haukuwa katika jambo alilolizidisha. Alipunguza mpaka kikabaki kile ambacho bila hicho kisu si kisu, kisha akatafuta mashine ya kuchonga mipini kwa wingi, na kwa njia hiyo bei ikafika mkononi mwa mchunga ng’ombe. Wafanyakazi wa reli walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, nao walikwenda nacho kila garimoshi lilikokwenda.

Mwaka 1897 visu vilipangwa kwa saizi 12, kuanzia Namba 1 hata Namba 12. Namba 1 kilikuwa kama pambo la mnyororo wa saa. Namba 12 kilikuwa na bapa la sentimeta 12, na mfuko wa kukibeba ulitaka ushonwe makusudi. Mwaka 1935 Namba 1 iliachwa kwa udogo wake, na Namba 11 ikaachwa kwa kuwa ilisimama baina ya ndugu wawili bila ya kazi yake yenyewe. Mwaka 1909 Joseph aliandikisha alama yake: mkono uliovikwa taji. Taji ni la watawala wa zamani wa Savoie. Mkono umetoka katika nembo ya Saint-Jean-de-Maurienne, mji ambao kanisa lake husimulia kuwa limehifadhi vidole vitatu vya Yohana Mbatizaji. Kwa hiyo kila bapa lililotoka katika kiwanda hicho lilikuwa na mkono umechorwa ubavuni mwake, vidole viwili vimenyoshwa kwa kubariki. Mkono wa mnunuzi ulikuwa haujapata baraka hiyo bado.

Tangu mwaka 1890 hata mwaka 1955, yaani kwa muda wa miaka 65, kisu cha Opinel hakikuwa na kufuli. Jambo hili lataka kuelezwa, maana haielekei kwamba mtu mwenye akili ya mashine kama Joseph hakuiona kasoro. Sababu ya kwanza ni namna ya kazi. Mkulima akatapo mkate, jibini au kikonyo cha mzabibu, hulikandamiza kali juu ya kitu anachokikata, na msukumo huo hulizidisha bapa kunyoka. Hatari huja pale mtu anapochoma kwa ncha, au anapolichomoa bapa lililokwama katika mti, au anapokwangua kwa mgongo wa kisu. Mkono uliolelewa na kisu tangu utoto hujifunza kuepuka mambo hayo pasipo kuambiwa. Sababu ya pili ni bei. Kufuli ya Kihispania ilitaka kamani, meno na pete, na kila kimoja kilitaka fundi. Kisu chenye vitu hivyo kisingekuwa tena kisu cha kila mtu. Tatizo lililomkabili Opinel halikuwa jinsi ya kukifunga kisu, ila jinsi ya kukifunga kwa kitu cha thamani ndogo hata maskini asiione tofauti.

Jawabu lilitolewa na Marcel, mwana wa Joseph, mwaka 1955, wakati mzee mwenyewe yu hai bado naye amekwisha pita umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 1960. Marcel alivika noleo la pili juu ya lile la kwanza. Noleo la kwanza limekazwa halitikisiki. La pili ni ukanda wa chuma uliopindwa ukawa pete yenye mwanya upande mmoja, nalo huzunguka. Mwanya ukielekea ufa wa mpini, bapa hupita kwenda na kurudi. Pete ikizungushwa kidogo kwa kidole gumba, ukingo wake huja nyuma ya kitako cha bapa ukakizuia, na kisu chote huwa kama kitu kimoja. Wafaransa waliiita Virobloc. Ni sehemu ya tano ya kisu kilichokuwa na sehemu nne; haina kamani ya kuchoka, na mtu aweza kuitoa na kuirudisha kwa koleo dogo. Mwaka 2000 ilirekebishwa ili iweze kulifunga bapa hata likiwa limelala ndani ya mpini, kisu kisijifungue mfukoni.

Kufuli za mafundi wengine zilifuata njia nyingine. Kisu cha Buck 110, kilichotolewa Marekani mwaka 1964 kwa ajili ya wawindaji, kina wenzo mgongoni mwa mpini. Bapa likinyoka, jino la wenzo hudumbukia katika pengo la kitako kwa nguvu ya kamani, na mwenye kisu hukisikia kikilia. Katika miaka ya 1980 Michael Walker, fundi wa Marekani, aliistawisha kufuli ya namna nyingine, ambayo ubavu wa chuma uliomo ndani ya mpini hujikunjua wenyewe na kusimama nyuma ya bapa. Kufuli hizi mbili hujifunga pasipo kuombwa. Pete ya Marcel haijifungi. Mwenye kusahau kuizungusha anacho kisu cha mwaka 1890 mkononi mwake, na kasoro hii si ya kufichwa. Lakini kufuli inayojifunga ina kasoro iliyo mbaya zaidi kwa kuwa haionekani: uchafu wa mfukoni ukijaa katika pengo, jino huingia nusu, sauti husikika kama kawaida, na mtu huamini kitu kisichokuwako. Pete iliyozungushwa huonekana kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Kwa kazi ya kila siku, mikononi mwa mtu mwenye nidhamu, kufuli inayomtaka mwenyewe atende jambo ndiyo iliyo bora.

Jambo la ajabu ni kwamba chombo hiki cha kuokoa vidole kimepata mashaka kwa sababu ya wokovu huo. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1988 ilikataza kuchukua kitu chenye makali mahali pa watu wengi bila ya sababu njema, ila ilisamehe kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimeta 7 na nusu na kidogo. Msamaha huo haukutaja kufuli. Mwaka 1993 mahakama iliamua kuwa kisu kinachojifunga kikinyoka hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana ya sheria, kwa sababu hakikunjiki wakati wowote mpaka kwanza kitu kingine kifanywe. Na mwaka 1998 mahakama ya rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Kwa hiyo Namba 6 ya Opinel, yenye bapa la sentimeta 7, hailindwi na msamaha kwa ajili ya pete yake, ingawa kwa urefu imo ndani ya kipimo. Ujerumani ilichagua njia iliyo nyembamba zaidi mwaka 2008: katazo lake la kuchukua visu vya kukunja liliangukia vile ambavyo hujifunga na pia hufunguliwa kwa mkono mmoja, isipokuwa mtu awe na haja ya halali. Kisu cha Opinel hutaka mikono miwili, mmoja wa kushika mpini na mwingine wa kuvuta bapa kwa kijishimo cha ukucha.

Mahakimu wa Uingereza hawakuwa wajinga wa visu. Bapa lisilokunjika ni jepesi kuchomea, na mwenye nia mbaya hunufaika na kufuli kama anavyonufaika mwenye nia njema. Walimtazama mtu anayechomwa. Marcel Opinel alimtazama mtu anayekata. Hata hivyo hukumu ya Ujerumani yapendeza zaidi, kwa kuwa imejaribu kutenga upesi wa silaha na usalama wa chombo. Ile ya Uingereza humwelekeza mtu mwema asiye na sababu maalumu ya kueleza kwa askari akachague kisu kisicho na kufuli, na viwanda humtimizia: Namba 2 hata Namba 5 za Opinel hutengenezwa mpaka leo bila ya noleo la kuzunguka. Anayetii sheria kwa njia hiyo hukirudisha kidole chake mahali kilipokuwa mwaka 1890, naye afadhali ajue.

Basi mtu anayechagua kisu kidogo cha kila siku aanze na sheria ya mahali anapokaa, kisha aangalie kazi. Bapa la sentimeta 7 au 8 latosha kukata embe, kamba, karatasi na mkate. Lililo refu zaidi huzidisha uzito wa mfuko na wasiwasi wa watu. Kitu cha pili ni pua yenyewe. Opinel huuza visu vya namna mbili. Kimoja ni cha pua yenye kaboni karibu 0.9 kwa mia, ambayo hunoleka upesi na kushika makali membamba, lakini hula kutu ikilala na maji usiku mmoja. Kingine ni cha pua isiyoshika kutu upesi, jamaa ya ile iliyojulikana Sheffield tangu kazi ya Harry Brearley ya mwaka 1913. Ile itumiwayo na Opinel ina kromi karibu 13.5 kwa mia. Kwa mtu wa pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hiyo ya pili ndiyo yenye busara. Anayekaa bara na kupenda kunoa atapendezwa na ile ya kwanza, na asishituke bapa likigeuka rangi ya kijivu na samawati baada ya kukata limau au kitunguu. Rangi hiyo si kutu, na huikawiza kutu.

Kufuli ijaribiwe kabla ya kununuliwa na mara kwa mara baadaye. Kisu hufunguliwa, hufungwa kwa kufuli, kisha mgongo wa bapa husukumwa taratibu juu ya meza, vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali. Bapa likitikisika, kisu hicho kisafishwe au kiachwe. Ufa wa mpini husafishwa kwa kijiti na kitambaa, na tone moja la mafuta yanayolika hutiwa penye msumari. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kuzaa uji mweusi. Pete iliyolegea hutolewa, hubanwa kidogo mzunguko wake upungue, ikarudishwa.

Kunoa kwataka subira kuliko nguvu. Kinoo hulowanishwa, bapa hulazwa likainuliwa kiasi cha nyuzi 20, na kali huvutwa kama mtu anayetaka kukata ganda jembamba la kinoo, upande mmoja mpaka kidole kihisi ukwaru mwembamba upande wa pili, ndipo hugeuzwa. Ukwaru huondolewa kwa kupitisha bapa juu ya ngozi, likienda kinyume cha makali. Cherehe isitumike kwa bapa jembamba hivi, maana joto lake huondoa ugumu ambao mhunzi aliutia kwa moto, na mwenye kisu hatajua mpaka makali yaanze kukunjika kama bati.

Mpini wa Opinel kwa kawaida ni wa mti mgumu wa misitu ya Ulaya ambao Wafaransa huuita hêtre, nao hunywa maji. Ukioshwa na kuachwa majini huvimba, mashavu yake yakalishika bapa hata ukucha hauwezi kulitoa. Wengi huvunja kucha au huleta koleo. Watu wa Savoie hukishika kisu kilichokunjwa, wakagonga mkia wa mpini juu ya kitu kigumu, penye upande wa ncha ya bapa, na bapa huchomoza kwa kishindo hicho kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Kisha kisu huachwa wazi kivulini siku moja au mbili, mbali na jua na jiko, mpaka mti ukauke wenyewe.